Vihisi vya mifugo: Chombo kinachokesha mfugaji anapolala

SEHEMU kubwa ya dalili za ng'ombe anayehitaji dume hujitokeza kati ya machweo na mapambazuko, saa ambazo mwenye ng'ombe amelala.

Hali hiyo, ambayo wafugaji huiita joto, ni ya muda mfupi. Aghalabu haizidi saa 18, na kwa ng'ombe wa gredi wanaotoa maziwa mengi huweza kumalizika katika muda wa saa nane au pungufu. Ikipita bila ya kuonekana, hairejei mpaka baada ya siku 21 hivi.

Mfugaji aliyekosa kuiona mara mbili mfululizo amepoteza siku 42. Katika kipindi hicho ng'ombe amekula nepia na lishe ya dukani kama kawaida, maziwa yake yamezidi kupungua, na ndama aliyetarajiwa amesogezwa mbele kwa takriban mwezi mmoja na nusu. Hakuna mnyama aliyekufa wala ugonjwa uliotajwa, na kwa hivyo hasara hiyo haiandikwi popote.

Ni hasara hii ya kimyakimya, wala si maradhi, iliyowasukuma wahandisi kuanza kuwavisha ng'ombe vyombo vya elektroniki. Kazi ya kupima afya ilifuata baadaye.

Kihisi ni chombo kidogo kinachopima jambo fulani, kama vile mwendo, joto au sauti, na kuligeuza kuwa tarakimu. Kikifungwa mguuni, shingoni au sikioni mwa mnyama, au kikimezwa na kukaa tumboni, hupeleka tarakimu hizo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye mtambo wa kupokelea, na kutoka hapo hadi kwenye kompyuta au simu ya mfugaji.

Yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo wauzaji wakati mwingine huyachanganya. Hereni ya kielektroniki, mfano wa zile zilizotumika nchini Tanzania katika kampeni ya utambuzi wa mifugo, hubeba nambari tu. Humtaja mnyama ni yupi na ni mali ya nani. Botswana nayo, ili iendelee kuuza nyama Ulaya, iliwahi kuwameza ng'ombe wake vidonge vyenye nambari za namna hiyo. Vyombo hivyo havipimi chochote. Mnyama anaweza kufa huku hereni ikiendelea kutaja jina lake barabara.

Wazo la kumvisha mnyama kitu kitakachomsemea si geni kwa wafugaji wa Afrika Mashariki. Wafugaji wa ngamia wa Kisomali wamechonga kengele za mbao tangu jadi na kuzifunga shingoni mwa wanyama wao. Kwa kusikiliza tu, mchungaji hujua gizani kundi liko wapi, na kama linakula kwa utulivu au limeshtuliwa na jambo. Mkanda wa kisasa hufanya kazi ile ile, ila hausikilizwi na sikio la mtu.

Hatua zilizohesabiwa

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1977 ulionyesha kwamba ng'ombe aliye kwenye joto hutembea mara mbili hadi nne ya mwendo wake wa siku za kawaida. Watafiti walikuwa wamewafunga ng'ombe miguuni vipima hatua.

Waliouchukua ujuzi huo na kuufanya biashara ni Waisraeli. Kampuni iliyozaliwa katika kijiji cha ushirika cha Afikim, kwenye Bonde la Yordani, iliunganisha kipima hatua na mashine za kukamulia katika miaka ya 1980. Ng'ombe alipoingia kukamuliwa, mtambo ulisoma hatua zake na kiasi cha maziwa yake kwa pamoja.

Haikuwa ajali kwamba jambo hilo lilianzia huko. Mazizi yao yalikuwa na mamia ya ng'ombe, wafanyakazi wachache, na mlango mmoja ambao kila ng'ombe alipaswa kuupitia mara mbili au tatu kwa siku. Msomaji aliyezoea boma la Nyandarua au Meru aikumbuke picha hiyo, kwa sababu vyombo vingi vinavyouzwa leo bado vina alama za mazizi yale.

Mikanda ya leo imeacha kuhesabu hatua pekee. Ndani yake mna kipima mwendo cha aina ile ile iliyomo katika simu za kisasa, kile kinachoifanya picha igeuke simu inapolazwa. Hunasa mitikisiko ya shingo usiku na mchana, kisha programu ya kompyuta huichambua na kuipanga: huku ni kula, huku ni kucheua, huku ni kutembea, huku ni kupumzika.

Siku za kwanza chombo hakina la maana la kusema. Kinamsoma ng'ombe huyo mmoja: asubuhi hutembea kiasi gani, hucheua kwa muda gani, hupumzika lini. Kisha kila saa mpya hulinganishwa na desturi ya mnyama yule yule. Hapo ndipo ulipo ufundi wote. Ng'ombe mpole akitembea mara mbili ya kawaida yake, hiyo ni habari. Ng'ombe machachari akipiga hatua hizo hizo, si habari.

Hata hivyo, chombo hukosea. Ng'ombe aliyehamishwa zizi, aliyepelekwa joshoni au aliyekimbizwa na mbwa naye hutembea sana, na mkanda waweza kutangaza kuwa anahitaji dume. Mashine haijui kuwa jana ilikuwa siku ya josho. Mfugaji anajua, na ndiyo maana taarifa ya mkanda ni ya kumtoa mtu nyumbani akaangalie, wala si ya kumwita mtaalamu moja kwa moja.

Lugha ya kucheua

Katika miaka ya 2000 kampuni nyingine ya Israeli, SCR, ilikuja na mkanda wenye maikrofoni. Ulitega sikio kwenye koo la ng'ombe, ukasikiliza tonge la chakula likipanda kutoka tumboni na kutafunwa upya.

Ng'ombe mzima hucheua kwa saa saba hadi nane hivi kwa siku, zikiwa zimetawanyika mchana na usiku. Hakuna mchungaji awezaye kuzihesabu. Lakini mnyama anapoanza kuumwa, kucheua ni miongoni mwa mambo ya kwanza kupungua, mara nyingi kabla ya macho kulegea au masikio kulala.

Kipimo hiki kina manufaa makubwa zaidi katika wiki tatu za kwanza baada ya kuzaa. Wakati huo ng'ombe wa maziwa mengi hudai chakula kingi kuliko anachoweza kula, na mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta yake wenyewe. Wengine huugua kwa sababu hiyo, wengine tumbo la nne huhama mahali pake, na wengine hupata ugonjwa wa kiwele au wa kizazi. Kwa yote haya, mstari wa kucheua kwenye simu huanza kuteremka mapema.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwa nini kipimo kimoja hakitoshelezi. Ugonjwa unaoitwa homa ya maziwa, ambao humwangusha ng'ombe muda mfupi baada ya kuzaa kwa sababu ya upungufu wa kalisi katika damu, si homa hata kidogo. Joto la mwili hushuka badala ya kupanda, na masikio huwa baridi. Chombo kilichowekwa kutafuta joto kali pekee kingekaa kimya huku ng'ombe akifa, na sindano ya kalisi ambayo ingemwinua ikiwa bado ndani ya mkoba wa daktari.

Kidonge kisichotoka

Aina nyingine ya kihisi humezwa. Ni mfano wa kidonge kikubwa, kinachopitishwa kooni kwa bomba maalumu, na kwa uzito wake hutulia katika tumbo la pili, pale pale ambapo misumari na vipande vya nyaya vilivyomezwa kwa bahati mbaya hukwama. Kampuni ya smaXtec ya Austria ni miongoni mwa zinazovitengeneza. Kidonge hicho hakitoki mpaka mnyama achinjwe, na betri yake ikiisha hubaki humo kikiwa kimya.

Faida yake ni joto la ndani. Ng'ombe mwenye afya akipimwa kwa njia ya haja kubwa huwa na nyuzijoto karibu 38.5, tumboni kipimo huwa juu kidogo. Kila anapokunywa maji, kipimo hushuka ghafla na kupanda tena taratibu, hivyo kidonge huhesabu pia ni mara ngapi amekunywa. Aidha, joto hupungua kidogo siku moja hivi kabla ya kuzaa, na mfugaji akapata nafasi ya kujiandaa.

Kwa Kenya, homa ndiyo dalili ambayo pengine ingefaa kuliko zote. Ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, hukadiriwa kuua ng'ombe wapatao milioni moja kila mwaka katika nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika. Baada ya kupe mwenye vijidudu kuuma, wiki moja hadi mbili hivi hupita, kisha tezi za chini ya sikio huvimba na homa hupanda. Mwishoni mapafu hujaa maji na povu hutoka puani.

Dawa ipo. Buparvakwoni, iliyoanza kutumika miaka ya 1980, hufanya kazi vizuri ikitolewa homa inapoanza. Ikitolewa mapafu yakiwa yamekwisha kujaa, mara nyingi huwa ni gharama ya pili juu ya hasara ya kwanza. Wafugaji wengi hugundua ugonjwa ng'ombe anapokataa kula, nayo homa imekuwapo kwa siku kadhaa. Siku hizo ndizo ambazo kidonge kingezirudisha.

Lakini kuna jambo la kutanguliza. Watafiti wa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, walikamilisha katika miaka ya 1970 njia ya kuwakinga ng'ombe dhidi ya ndigana kwa kuwapa vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvidhibiti. Sindano moja humpa mnyama kinga ya miaka mingi. Mfugaji ambaye hajawachanja ng'ombe wake, akaenda kununua kihisi cha homa, amenunua kengele ya mlango kwa nyumba isiyo na mlango.

Ng'ombe watatu si mia tatu

Maziwa mengi ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo, aghalabu wenye ng'ombe kati ya mmoja na watano, waliofungiwa bandani na kuletewa majani. Huyu si mfugaji aliyekuwa akilini mwa wahandisi wa Afikim.

Upande mmoja, anawajua ng'ombe wake kwa namna ambayo meneja wa ng'ombe 500 hawezi. Mama anayekamua kwa mkono huhisi kiwele chenye joto kabla ya mashine yoyote, na husikia mabadiliko ya mlio wa ng'ombe akiwa jikoni. Kumwambia anahitaji mkanda ili ajue kuwa ng'ombe hajala ni kumvunjia heshima.

Upande mwingine, banda lenyewe humficha ng'ombe. Dalili iliyo wazi kuliko zote ya joto ni ng'ombe kusimama akubali kupandwa na wenzake. Ng'ombe aliye peke yake hana mwenzake wa kumpanda, wala hana nafasi ya kutembea. Hubaki kulia, kutoa ute na kupunguza maziwa kidogo, na wapo wasiolia kabisa. Kwa sababu hiyo kipima hatua cha mguuni, kilichowafaa ng'ombe wa mazizi makubwa, huwa na machache ya kupima katika banda la Kiambu. Mkanda wa shingoni, unaopima pia kula na kucheua, una nafasi bora zaidi.

Kisha linakuja swali ambalo halimo katika matangazo ya biashara: taarifa ikifika, nani atakuja?

Kanuni ya zamani husema kuwa ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Simu ikilia saa nane usiku, mfugaji ana takriban nusu siku ya kumpata mtaalamu wa kupandisha kwa mrija, mwenye mbegu iliyohifadhiwa vyema. Mahali ambapo mtaalamu hufika siku hiyo hiyo, mkanda umemwokoa siku 21. Mahali ambapo hufika kesho kutwa, mkanda umemwamsha bure.

Kenya haikuanza jana katika jambo hili. Kituo cha mbegu za mafahali cha Kabete kilianzishwa mwaka wa 1946, na mwaka wa 2011 kikageuzwa kuwa Kituo cha Rasilimali za Kijenetiki za Mifugo. Kwa miongo mingi huduma ya kupandisha ilikuwa ya serikali. Katika miaka ya 1990, chini ya masharti ya marekebisho ya uchumi, serikali ilijiondoa hatua kwa hatua kutoka katika kupandisha, kutibu na kuendesha majosho, ikawaachia watu binafsi. Walioziba pengo hilo walikwenda kwenye wateja wengi na barabara nzuri. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, na mfugaji huhudumiwa kwa kadiri kaunti yake inavyoajiri.

Kihisi hakifupishi umbali huo hata kwa hatua moja. Thamani yake hupimwa kwa tofauti ya saa kati ya kujua na kutenda, na katika sehemu nyingi za nchi tofauti hiyo hutokana na kutenda.

Haishangazi basi kuwa chombo cha kwanza cha kidijitali kupata umaarufu miongoni mwa wafugaji wadogo wa Kenya hakikuwa na kihisi. iCow, iliyoanzishwa na Su Kahumbu mwaka wa 2011, ilimtaka mfugaji asajili kwa simu yake tarehe ambayo ng'ombe amepandishwa, kisha ikamtumia ujumbe mfupi wa kumwelekeza katika siku 280 na zaidi za mimba. Jicho lilikuwa la mfugaji. Simu ilikumbuka tu.

Gharama nayo ina hesabu yake. Mbali na bei ya mkanda, huhitajika mtambo wa kupokea mawimbi, umeme wa kuuendesha na, mara nyingi, ada ya kila mwezi au mwaka. Mtambo huo ni mmoja, uwe na ng'ombe watatu au mia tatu. Kwa mwenye mia tatu gharama hugawanyika. Kwa mwenye watatu humwelemea.

Njia inayoelekea kuwa ya busara ni kuviweka vyombo hivi mikononi mwa vyama vya ushirika. Vyama kama kile cha Githunguri tayari huchukua maziwa kila siku, huwapa wanachama huduma za mifugo na kukata malipo kwenye maziwa yao. Chama kinaweza kumiliki mikanda na kuikodisha kwa zamu: kwa ng'ombe aliyezaa karibuni, kwa yule anayengojewa joto, kisha ukahamishwa shingo nyingine mimba ikithibitika. Na taarifa ya usiku ikimfikia mtaalamu wa chama sawia na mwenye ng'ombe, hakuna wa kungoja kupigiwa.

Mikononi mwa nani

Kwa wafugaji wa kuhamahama wa Turkana, Samburu au Marsabit, swali la kwanza ni ng'ombe yuko wapi, kabla ya kuuliza kama ana homa. Mikanda ya setilaiti imevishwa ndovu nchini Kenya tangu 1995. Kwa mifugo, kampuni ya Ceres Tag ya Australia imetengeneza hereni inayotumia nguvu za jua na kuwasiliana na setilaiti moja kwa moja, bila ya kuhitaji mnara wa simu. Wapo wanaotumaini kuwa chombo cha namna hiyo kitakomesha wizi wa mifugo. Tumaini hilo ni la kupunguzwa: mwizi ana kisu, na sikio au mkanda hukatwa kwa dakika moja. Kilicho salama dhidi ya kisu ni kidonge cha tumboni, lakini mawimbi yake hayafiki mbali.

Hatimaye kuna suala la umiliki. SCR ilinunuliwa na Allflex mwaka wa 2014. Mwaka wa 2019 kampuni ya Merck ya Marekani, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa dawa na chanjo za mifugo duniani, ilimnunua mmiliki wa Allflex katika makubaliano ya zaidi ya dola bilioni 3. Anayeuza dawa sasa anaweza kupata habari za ng'ombe mgonjwa kabla ya jirani wa mfugaji. Hilo si kosa kwa lenyewe, lakini mkataba uonyeshe tarakimu za ng'ombe ni mali ya nani, ni nani mwingine anayeziona, na kama mfugaji anaweza kuzichukua akihamia kwa muuzaji mwingine.

Aulize pia kitakachotokea mtandao ukikatika kwa siku mbili, nani hubadilisha betri, na mkanda utalegezwa lini kwa mtamba anayekua, kwa kuwa usipolegezwa huingia shingoni na kufanya kidonda. Tena aulize kuhusu ada. Katika mipango mingi ya kulipia kwa mwezi, ada ikikosa kulipwa taarifa hukoma siku hiyo, ingawa mkanda ungali shingoni mwa ng'ombe na betri yake ingali hai.